Neno "Nyika" katika Vitabu vya Kiingereza na Jina la Watu wa Kaloleni

Mwanafunzi wa Kaloleni anayesoma vitabu vya Kiingereza vya karne ya 19 kuhusu pwani hukutana na babu zake chini ya jina asilolitumia nyumbani. Huitwa Wanika, na lugha yao Kinika. Jina hilo lilipatikana vipi?

Kiswahili kina neno nyika, yaani mbuga kavu yenye vichaka na makazi machache. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha kituo chao Rabai, mahali palipokuwa katika eneo bunge la Kaloleni hadi mwaka 2013. Wenyeji wao wapya walijiita Warabai, Waribe, Wagiriama, Wakambe na kadhalika. Lakini Krapf aliingia bara kwa mlango wa Mombasa, akabeba jina walilopewa na watu wa mjini. Msamiati wake wa lugha sita wa mwaka 1850 una Kinika. Hata kamusi yake na Rebmann, iliyotolewa mwaka 1887 wote wawili wakiwa wamekwisha fariki, ilitaja Nika katika anwani.

Hapa mhakiki atazame mtazamo ulio ndani ya neno. "Mtu wa nyika" ni kauli ya msemaji aliye mjini anayetazama bara. Kaya, hata hivyo, haikuwa nyika. Ilikuwa makazi yaliyozungukwa na msitu mnene, yenye njia na malango yaliyolindwa, pamoja na wazee wa kuamua mashauri. Kwa ufupi, ilikuwa mji. Kiingereza nacho kililipa neno maana mbili: watu, na ile nchi kame iliyo nyuma ya pwani. Msomaji asiye makini huzichanganya, akadhani tabia ya ardhi ndiyo tabia ya watu.

W. E. Taylor alikuwa mwangalifu zaidi. Kitabu chake cha msamiati cha mwaka 1891 kilitaja Kigiriama kwa jina lake, miaka minne tu baada ya kamusi ile. Hata hivyo, maafisa wa kikoloni waliendelea kuandika Nyika. Agosti 1914, katika vita vya Giriama, serikali iliilipua kwa baruti Kaya Fungo, iliyoko Kaloleni. Kuilipua nyika tupu kungekuwa na faida gani? Walijua hapo palikuwa na moyo wa jamii.

Jina Mijikenda lilienea katika miaka ya 1940, na chama cha Mijikenda Union kikaundwa mwaka 1945. Watahiniwa huuliza kwa nini si "Mijitisa". Kenda ni neno la Kibantu la hesabu hiyo. Tisa limetoka Kiarabu. (Mombasa yenyewe ina Tisa Taifa, kwa hiyo hesabu hii haikuwa ngeni kwa upande wowote.) Kwa maoni yangu uzito wa jina hauko katika kenda, uko katika miji. Walioitwa watu wa nyika walijibu kwa kutaja miji yao: Giriama, Digo, Duruma, Rabai, Ribe, Chonyi, Jibana, Kauma na Kambe. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa, ya Giriama ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia, na orodha hiyo inatumia jina Mijikenda.

Nyika lenyewe halina kosa. Katika Jiografia ni istilahi halali, na wengi hulisikia ndani ya Tanganyika, jina rasmi la koloni tangu 1920. Kwa Kishona maana yake ni nchi, bila dharau yoyote. Mtahiniwa anayejadili maandishi ya Krapf aandike "Wanika" ndani ya alama za mtajo, na katika sentensi zake mwenyewe aandike Wamijikenda, au jina la jamii mahususi anapolijua.