Saikolojia ilianza namna gani? Njia ya Wajerumani toka filozofia mpaka labo

Kwenye hospitali na kambi za wahami, wengi wetu tumekwisha kukutana na mwanasaikolojia, mtu anayesikiliza wale waliopatwa na mambo mazito. Lakini hii elimu, pale ilipoanza Ujerumani, haikuanza juu ya kuponya watu. Ilianza juu ya swali moja: mambo ya ndani ya mtu yanaweza kupimwa?

Kant anasema hapana

Mwaka wa 1786, mwanafilozofia Immanuel Kant, wa mji wa Königsberg, aliandika ya kama elimu ya nafsi haiwezi kuwa sayansi kamili. Sayansi inaomba hesabu, na hesabu haishiki mawazo. Tena, mtu akianza kuchunguza wazo lake, wazo lenyewe linabadilika.

Johann Friedrich Herbart, aliyekalia kiti cha Kant kule kule Königsberg toka 1809, hakukubali. Alijaribu kueleza nguvu za mawazo kwa hesabu. Lakini hakufanya majaribio; hesabu zake zilibaki kwenye karatasi.

Uzito na mshipa wa chura

Waliofungua njia ni wachunguzi wa mwili. Kule Leipzig, Ernst Heinrich Weber aliwainulisha watu vitu vya uzito mbalimbali. Aliona ya kama tofauti tunayoisikia inafuata uzito wa kwanza: ukiinua kilo 1, wanaongeza karibu gramu 25 ndipo usikie tofauti, ukiinua kilo 4, inaomba karibu gramu 100. Gustav Fechner aligeuza jambo hilo kuwa kanuni ya hesabu katika kitabu chake cha 1860.

Mwaka wa 1850, tena Königsberg, Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa habari ndani ya mshipa wa fahamu wa chura: karibu metre 27 kwa sekunde. Mbele yake, wengi walizani mwendo huo haupimiki kamwe.

Wundt na labo ya 1879

Wilhelm Wundt alikuwa msaidizi wa Helmholtz kule Heidelberg. Mwaka wa 1879, akiwa profesa wa filozofia Leipzig, alianzisha labo inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya saikolojia. Haikuwa na wagonjwa. Mtu alisikia mlio, akafinya kifaa, na saa ikapima sehemu ya sekunde iliyopita. Wanafunzi walitoka mpaka Marekani, kisha wakaenda kufungua labo kwao.

Lakini Wundt mwenyewe aliweka mpaka. Labo inafaa kwa mambo kama kuona na kusikia. Mawazo marefu, yanayojengwa na luga, hadisi na desturi, yachunguzwe katika maisha ya jamii. Aliandika vitabu 10 juu ya hayo, toka 1900 mpaka 1920.

Hermann Ebbinghaus aliuvuka huo mpaka. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, halafu akapima kiasi alichosahau. Mwaka wa 1885 alionyesha ya kama kusahau kunakwenda mbio saa za kwanza, kisha kunapunguza mwendo.

Basi, Kant alishindwa?

Nusu tu. Hisi, muda na kumbukumbu vilipimika. Lakini uchungu wa mtu hauna mizani yake. Ndiyo maana mpaka leo mwanasaikolojia anatumia maswali na hesabu, na bado anakaa chini kusikiliza.