Nyumba Isiyo na Mlango: Habari za Picha za Dhahania

Mtu apigapo picha ya nyumba, kwa kawaida hutaka mtazamaji aijue nyumba ile: mlango wake, paa lake, na watu waliosimama uani. Lakini zipo picha za nyumba ambazo hata mwenyewe aweza kuzitazama kitambo asitambue kwamba ni kwake. Hizo huitwa picha za dhahania. Leo twataka kueleza zilivyoanza, na nini hasa huzifanya ziwe hivyo.

Picha ya kamera iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia ni ya mapaa na kuta tu. Bwana Nicéphore Niépce, Mfaransa, aliipiga mwaka 1826 au 1827 kutoka dirishani mwake katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes. Alipaka lami juu ya bamba la madini, akaliacha ndani ya kamera kwa muda mrefu sana. Jua likavuka mbingu, likaangaza kuta za upande mmoja, kisha za upande wa pili. Kwa hiyo picha ile yaonyesha nuru pande zote mbili pamoja. Jicho la mtu haliwezi kuona hivyo kwa mara moja. Niépce hakukusudia ajabu hiyo.

Mwaka 1916 Mmarekani Paul Strand aliitafuta kwa kusudi. Huko Twin Lakes, katika jimbo la Connecticut, alipiga picha ya baraza ya kawaida, vivuli vya uzio wake vikilala kama milia. Alisogea karibu, na picha ikalazwa ubavu. Yapata mwaka 1928 László Moholy-Nagy, mzaliwa wa Hungaria, alipanda mnara wa redio wa Berlin, akaielekeza kamera chini. Njia na viwanja vikawa mistari na mapande ya nuru na giza.

Twaona basi kwamba mambo matatu huondolewa. La kwanza ni kipimo: pasipo mtu wala mlango, hatujui ukuta ni mrefu kiasi gani. La pili ni ardhi na mbingu: pasipo hizo, hatujui juu ni wapi na chini ni wapi. La tatu ni kazi ya kitu: baraza haionekani tena kuwa mahali pa kukaa. Yabakiayo ni mstari, umbo, nuru na kivuli.

Jambo hili laweza kujaribiwa hata Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, wala halihitaji kamera. Kata tundu dogo la mraba katika karatasi ngumu, ulitazame paa la bati asubuhi, jua lingali chini. Migongo ya bati itakuwa milia myeupe na myeusi. Rudi saa sita mchana, jua likiwa utosini: milia mingi imefifia, ingawa bati ni lile lile. Aliyebadilika ni jua.

Sasa ingia katika nyumba ya msonge ya Wasukuma, uinue macho. Fito hukutana kileleni, nazo duara za kufungia huzizunguka. Ukipiga picha hapo hupati nyumba, bali kitu kama gurudumu la baiskeli. Ni picha nzuri kweli. Lakini misonge imepungua, na matofali na bati vimechukua nafasi yake. Kama picha ya namna hiyo ndiyo pekee itakayosalia, mjukuu ataona gurudumu. Hatajua moto uliwashwa wapi, wala kwamba bibi yake alilala chini ya fito zile.

Kwa hiyo twawashauri wanafunzi wapigao picha wapige mbili: moja ya umbo, na nyingine ya nyumba nzima pamoja na mlango wake. Kisha waandike nyuma yake jina la kijiji, mwaka, na kitu chenyewe ni nini. Strand aliondoa karibu kila kitu katika baraza ile. Hata hivyo jina la Twin Lakes liliachwa katika anwani ya picha yake, na kwa jina hilo sisi twajua hata leo ilipigwa wapi.