Mlemeo, si Msongo wa Mawazo

Kijitabu kimoja cha mafunzo ya mameneja wapya, kilichopita mezani kwangu hivi karibuni, kinawahimiza wawasaidie wafanyakazi "wenye msongo wa mawazo" kubadili mtazamo wao. Sikushangaa. Jambo likishaitwa kwa jina la mawazo, dawa yake itatafutwa kichwani mwa mfanyakazi, na ratiba aliyoipanga meneja haitaguswa.

Tuanze na mzizi, maana waliopitisha istilahi hii hawakuanza nao. Kusonga ni kubana na kukandamiza. Ugali husongwa kwa mwiko. Abiria husongamana mlangoni mwa daladala. Daima pana kinachosonga na kinachosongwa. Katika "msongo wa mawazo" kinachosonga ni nini? Mawazo. Ya nani? Ya huyo huyo anayesongwa. Kisarufi, basi, mfanyakazi kajisonga mwenyewe. Mwajiri hayumo hata kwenye sentensi. "Mfadhaiko", kipenzi cha kundi la pili la wataalamu wetu, halina nafuu: fadhaa ni hali ya aliyekwisha kupatwa, nalo halisemi kapatwa na nini. "Shinikizo" limeshachukuliwa na damu.

Kosa hili, kwa haki, lilianzia mbali. Hans Selye, aliyechapisha matokeo ya majaribio yake ya panya kule Montreal mwaka 1936, ndiye aliyelitia neno la Kiingereza "stress" katika tiba, na neno lenyewe lilikuwa la wahandisi. Kwa mhandisi hiyo ni nguvu inayoikandamiza nondo. Kupindika kwa nondo kuna jina jingine, "strain". Selye, ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, alikuja kukiri kwamba lililomfaa ni hilo jina jingine. Sisi tulikuwa na nafasi ya kutenganisha mzigo na maumivu ya mgongo. Tukaunda kamati.

Napendekeza, kama nilivyopendekeza zamani, neno mlemeo (wingi: milemeo), kutokana na kitenzi lemea. Halina ugeni wa umbo: elekea limetupa mwelekeo, na hakuna aliyelalamika. Uzuri wake umo katika mnyambuliko: kazi humlemea mtu, mtu hulemewa, na wakubwa waweza kulemeana kwa zamu mpaka chini. Kila umbo linauliza nani kamtwika nani. Hilo ndilo swali la meneja mpya, ambaye jana alikuwa na mzigo wake tu na leo anagawa ya wengine. Na wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wanaodhani nacheza na maneno watazame viwango vya mamlaka ya Uingereza ya afya na usalama kazini. Vinataja maeneo sita ya kuangaliwa: kiasi cha kazi, uhuru wa mtu katika kuifanya, msaada anaopata, mahusiano, kueleweka kwa wajibu wake, na namna mabadiliko yanavyoendeshwa. Yote sita ni mambo ya mpangilio wa kazi. Mawazo hayamo. Shirika la Afya Duniani nalo, lilipoueleza upya mwaka 2019 ule uchovu wa kuishiwa kabisa ("burnout"), liliuita jambo la kikazi, likakataa kuuita ugonjwa.

Matumizi ni mepesi. Meneja aseme "mlemeo wa idara umezidi", kisha aulize kazi ipi iahirishwe na nani aongezwe, kabla ya kumtuma mtu kwa mshauri nasaha. Aliyekosa usingizi wiki nzima aende kwa daktari, jina lolote tutakalolipa hali yake.

Niliwahi kuyasema haya mbele ya jopo ambalo sitalitaja. Mjumbe mmoja, ambaye umaarufu wake wote umesimama juu ya kiambishi kimoja, alisema neno langu "linanuka kilema". Mwingine aliona litachanganywa na mwelemeo, kana kwamba Waswahili walioweza kutofautisha paa na paa na paa watashindwa na silabi moja. Ikapigwa kura baada ya chai. Orodha yao imeshachapishwa: msongo wa mawazo limo, mlemeo halimo. Naendelea kuliandika, kwa herufi za kawaida, bila kulifungia katika alama za mtajo.