Samli na Samaki: Historia ya Mezani

Katika mji mmoja wa Marekani upo mkahawa mdogo wa meza nane. Mume, ambaye ni Mhindi, hupika dengu na chapati. Mke, ambaye ni Mkhmer wa Kambodia, hupika wali na michuzi ya nazi. Niliingia humo pamoja na mwenzangu mmoja asiyekula kitu chochote kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, wala asali. Alipoeleza sharti lake, mume alitazama kopo la samli, na mke akatazama chungu cha prahok, yaani samaki waliopondwa wakachachushwa kwa chumvi. Kila mmoja alikuwa na kizuizi chake, na vizuizi hivyo havina asili moja.

Kambodia ilipokea mengi kutoka Bara Hindi. Habari za Kichina juu ya ufalme wa Funan zasimulia mgeni aliyekuja kwa jahazi akamwoa malkia wa nchi. Masimulizi ya baadaye humwita Kaundinya, naye ni brahmani. (Mwenzangu alicheka nilipomwonyesha kwamba wenyeji wetu walikuwa wameirudia ngano hiyo jikoni.) Hati ya Kikhmer ilitokana na hati ya kusini ya India, na jiwe la kale kabisa lenye tarehe lililochorwa kwa lugha ya Kikhmer ni la mwaka 611. Jina la Angkor lenyewe ni neno la Kisanskriti, nagara, maana yake mji. Katika karne ya 12 mfalme Suryavarman II alimjengea Vishnu hekalu la Angkor Wat. Basi mtu angetazamia kwamba walioleta miungu na hati wangeleta pia mwiko wa nyama.

Walakini mwiko huo haukuwa wa Wahindi wote hata kwao. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo mfalme Ashoka aliamuru ichorwe miambani habari ya jiko lake: kwamba zamani walichinjwa humo mamia ya maelfu ya wanyama kila siku, na sasa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na hao nao wataachwa. Mwamba mmoja wenye amri hiyo uko Girnar, katika Gujarat, nchi ambayo wengi wa Wahindi wa Unguja na Mombasa walitoka. Mfalme hajisifu kwa jambo ambalo kila mtu alitenda tayari.

Shahidi wetu bora kwa Angkor ni Zhou Daguan, Mchina aliyekaa huko mwaka 1296 na 1297. Aliwaona mabrahmani wenye uzi shingoni, na watawa wa Kibuddha wenye vichwa vilivyonyolewa. Juu ya watawa aliandika kwamba hula mara moja kwa siku, hawanywi mvinyo, lakini nyama na samaki hula, na hata Buddha humtolea sadaka ya vitu hivyo. Nadhani Mchina huyo alistaajabu, maana kwao watawa walikwisha kuacha nyama. Lakini watawa wa Angkor hawakuvunja sheria yao. Mapokeo ya Theravada husema kwamba Devadatta alimtaka Buddha awakataze watawa nyama na samaki, naye akakataa. Mtawa apokee apewacho, mradi hakuona, hakusikia, wala hakushuku kwamba mnyama amechinjwa kwa ajili yake.

Tena nchi yenyewe ni ya samaki. Kila mwaka, wakati wa masika, maji ya Mekong huusukuma mto wa Tonle Sap urudi nyuma, ziwa likapanuka mara kadhaa na kuingia misituni. Yanapopungua, samaki hunaswa kwa wingi usioweza kuliwa kwa siku chache. Prahok ni akiba ya wingi huo. Maziwa, kwa upande mwingine, Wakhmer hawakuyajali sana. Utamu na unono wa mchuzi wao watoka katika nazi. Kwa Wahindi wengi wasiokula nyama, kinyume chake, samli ni safi kuliko vyote, nayo humiminwa motoni kuwa sadaka. Kuikataa samli pamoja na nyama ni itikadi changa iliyopata jina na chama chake Uingereza mwaka 1944, kwa Donald Watson na wenzake. Jiko la mke halikuwa na maziwa ya kuogopwa, wala la mume halikuwa na samaki. Sharti la mwenzangu liliwataka wote wawili kwa pamoja.

Kando ya meza yetu aliketi mama yake yule mke. Alikuwa Kambodia tangu tarehe 17 Aprili 1975, Khmer Rouge walipouteka mji wa Phnom Penh, hata walipoangushwa Januari 1979. Katika miaka hiyo walikufa watu kadiri ya milioni moja na laki saba, wengi kwa njaa. Jamaa zilikatazwa kujipikia. Vyombo vilichukuliwa, watu wakala uji mwepesi katika majiko ya shirika, na aliyeonekana ameficha samaki aliweza kuuawa. Mtoto wake alipomfasiria maneno ya mwenzangu, aliuliza swali moja: ni maradhi gani? Mwenzangu akajibu kwamba si maradhi, amechagua. Mama akanyamaza kitambo, na mimi, niliyekuwa tayari na maelezo ya Ashoka ulimini, niliona haya kuyatoa.

Kisha akainuka mwenyewe akaenda jikoni. Alirudi na bakuli la mchuzi wa nazi wenye mchaichai na manjano, biringanya na maboga ndani yake, na mahali pa prahok alitia soya iliyochachushwa, ambayo Wakhmer walijifunza kwa Wachina. Mume akaleta dengu zilizokaangiwa vitunguu kwa mafuta. Mama akakaa akimtazama mwenzangu mpaka bakuli likawa tupu, kisha akalijaza tena bila kumwuliza.