Goti Limekaza au Limeganda?

Mama mmoja wa Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, muuza samaki wa chumvi, alirudi kutoka Kampala wiki ya tatu baada ya kuwekewa goti bandia. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya shemeji yake, mguu ameunyoosha juu ya gunia la mahindi. "Goti inakaza, mtoto wangu," akasema. "Asubuhi ni kama mbao." Akanipa karatasi ya hospitali nimsomee. Ilikuwa ya Kiingereza, na neno lililorudiwa kila aya, "stiffness", kamusi yangu ililitafsiri "ukakamavu".

Sikulisoma hivyo. Tanzania, mazoezi ya ukakamavu ndiyo wanayofanya vijana wa gwaride. Kumwambia mgonjwa goti lake lina ukakamavu ni kumpongeza. "Mkazo" nao umeshachukuliwa na walimu wa sarufi na watu wa msongo wa mawazo. "Ugumu" ni sahihi, lakini hausemi kitu: jiwe ni gumu, mtihani ni mgumu.

Mama alikuwa amekwisha kunipa neno. Kukaza. Kamba iliyokaza hulegea, na goti lake lilikuwa limekaza kwa namna hiyo. Sababu iko kwenye upasuaji wenyewe. Tunasema "kubadilisha goti" kana kwamba liling'olewa lote kama taa ya gari. Kwa kweli daktari hukata milimita chache kwenye ncha za mfupa wa paja na wa muundi, akavika chuma, kisha akaweka plastiki ngumu katikati. Misuli na ngozi ni zile zile, zimepasuliwa na kushonwa. Huvimba, na goti lililojaa maji halikunjiki. Uvimbe huo huweza kudumu miezi. Barafu iliyofungwa katika kitambaa, kuinua mguu na mazoezi mafupi mara kadhaa kwa siku ndivyo vinavyolilegeza.

Hali ya pili ni nyingine kabisa, na nadhani inastahili jina lake: kuganda. Kovu tunalolijua ni la nje, lakini ndani ya kiungo nako hufanyika kovu. Likizidi, hushikamana mpaka goti linagota mahali pale pale kila siku, hata uvimbe ukiwa umepungua. Bega la namna hiyo watu wameshazoea kusema limeganda, basi goti nalo lisinyimwe. Lililoganda halitaki ushujaa, linataka daktari, na mapema: katika miezi mitatu ya mwanzo hivi anaweza kumlaza mgonjwa kwa nusukaputi na kulikunja kwa mikono. Kadiri kovu linavyokomaa, ndivyo njia hiyo inavyozidi kuwa ngumu.

Kuna neno jingine kwenye karatasi ile lililonisumbua, la kukabiliana na maumivu. Ulimi wetu hukimbilia "kuvumilia", hasa kwa mama aliyezoea kubeba mizigo mpakani, na mvumilivu huacha vidonge kwenye mkoba. Matokeo yake hafanyi mazoezi, kwa sababu mguu unauma, na goti linazidi kukaza. Nilimsomea "kutuliza": kumeza dawa kama ilivyoandikwa, nusu saa au zaidi kabla ya kuanza kukunja. Nikaongeza kuwa asiweke mto chini ya goti akilala. Ni raha, lakini goti hujifunza kubaki limepinda.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye hapa anaitwa kine, Kifaransa kilichokatwa mkia, alifika jioni na kipimapembe kama cha wanafunzi, ila kirefu.

"Mama, kunja tena kidogo."

Akakunja, meno ameyauma. Digrii 80. Kutembea kwenye tambarare hutaka karibu 70, ngazi hutaka 90 hivi. Wiki iliyopita lilikuwa 65. Goti linalozidi kukunjika hivyo limekaza tu, halijaganda.

"Na kibao changu cha kupikia?" mama akauliza.

"Kile kifupi? Zaidi ya mia, Mama. Na kuchuchumaa, usahau kwanza."

Aliitazama mbabula, jiko la makaa, pale uani, sufuria ya sombe ikitokota chini kabisa, karibu na ardhi. Kisha akamwita mjukuu alete kiti cha plastiki, na matofali mawili ya kuinulia mbabula.