Mama Mzazi na Elimu ya Waliotutangulia





Katika mihadhara yetu ya hadhara, hasa nyakati za Maulidi na mwezi wa Ramadhani, aghalabu husemwa juu ya matabibu wa Kiislamu wa zamani. Hutajwa Ibn Sina, hutajwa Ar-Razi, hutajwa Az-Zahrawi, na wasikilizaji hutoka msikitini vifua vimewajaa fahari. Upande wa pili, katika zahanati, mkunga huwakusanya waja wazito na kuwaeleza dalili za hatari. Wanaume huko ni wachache mno. Basi tuna mihadhara miwili. Ule wa wanaume una historia isiyo na kazi. Ule wa wanawake una kazi, lakini wenye kutoa ruhusa na nauli hawakuusikia. Nataka kukueleza kuwa asili ya mihadhara hii miwili ni moja, na kuitenganisha kunatugharimu roho za watu.

Tuanze na Andalusi. Khalifa Al-Hakam wa Pili alitawala katika mji wa Qurtuba tangu 961 hata 976. Katika zama zake Arib bin Saad alitunga kitabu kizima juu ya kuumbwa kwa mtoto tumboni, utunzaji wa waja wazito na malezi ya watoto wachanga. Zingatia, msomaji: huyu alikuwa pia mwanahistoria na katibu wa serikali, wala hakuona haya kushika kalamu juu ya mimba na kunyonyesha. Katika karne hiyo hiyo, huko Misri, tabibu Ahmad Al-Baladi alitunga kitabu cha mfano huo kwa ajili ya Waziri Yaqub bin Killis, aliyefariki 991. Waziri wa dola aliona kuwa mambo ya mja mzito yanamhusu.

Kisha yuko Az-Zahrawi, aliyefariki 1013. Kitabu chake, At-Tasrif, kina sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake mna michoro ya vyombo vipatavyo 200. Humo ameweka mlango wa kuwafundisha wakunga. Anaeleza kwanza dalili za uzazi wa kawaida, kisha anaichukua hali moja moja: mtoto akitanguliza miguu afanyweje, akitanguliza mkono afanyweje, na wakiwa pacha je. Bingwa huyu wa upasuaji hakumdharau mkunga, bali alikaa akamwandikia. Karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo ya upasuaji kwa Kilatini katika mji wa Toledo, na Wazungu wakaisoma kwa karne nyingi.

Naye Ibn Khaldun, alipoandika Muqaddima mwaka 1377, alitenga mlango maalumu kwa ajili ya kazi ya ukunga. Aliihesabu miongoni mwa kazi ambazo jamii ya wanadamu haina budi nazo, na akakiri kwamba katika maradhi ya mtoto kabla hajaachishwa ziwa, wakunga huwa na ujuzi kuliko tabibu hodari. Hayo ni maneno ya kadhi na mwanachuoni mkubwa.

Lakini haki isemwe. Wazee hao hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua kwa Wayunani, na Az-Zahrawi mwenyewe alimtegemea sana Paulo wa Aegina. Vitabu vyao vina mengi ambayo leo twajua si sahihi. Kisa cha utukufu wao ni kuwa walipokea elimu kila walipoikuta, wakaipima kwa kazi, wakaongeza, wakawapa wengine. Anayejifaharisha nao na huku hataki kusikiliza somo la zahanati, huyo hawafuati.

Na ujeuri wa wenye elimu una madhara makubwa. Tazama kisa cha mji wa Vienna. Katika hospitali yake kuu palikuwa na wodi mbili za kuzalia: moja ya kufundishia madaktari, ya pili ya kufundishia wakunga. Ajabu ni kuwa wanawake walikufa zaidi katika ile ya madaktari, hata wengine wakililia wasipelekwe huko. Daktari Ignaz Semmelweis akagundua kuwa wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti, kisha wakiwashika wazazi kwa mikono ile ile. Mwezi wa Aprili 1847 katika wodi hiyo walikufa wazazi wapatao 18 katika kila 100. Katikati ya Mei akaamrisha kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Juni wakafa 2 tu katika kila 100. Pamoja na hayo, wakubwa wengi wa tiba walimpinga, kwani ilikuwa vigumu kwao kukiri kuwa mikono yao ndiyo iliyoua. Alifariki 1865 hali maneno yake hayajakubaliwa na wengi.

Sisi tuliofundishwa usafi tangu utoto tusiharakie kumcheka mtu. Sisi nasi tuna la kwetu. Mara nyingi mwanamke akifa katika uzazi, husemwa matangani, "Amekufa shahidi," na mazungumzo yakaishia hapo. Kweli, imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa mwanamke afaye kwa uzazi ana daraja ya shahidi. Lakini soma hadithi nzima. Humo wametajwa pia aliyekufa maji, aliyeungua moto na aliyeangukiwa na jengo. Je, nani miongoni mwetu huacha kisima wazi ili watoto wafe mashahidi? Nani huona ukuta umeinama juu ya wanawe akasema ni daraja? Fadhila ile ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa aliyefikwa na msiba, si ruhusa kwa aliyeweza kuuzuia akakaa. Mtume huyo huyo ndiye aliyeamrisha watu wajitibu, na aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kisha ategemee.

Wengine huchelewesha kwa hoja ya haya: huenda hospitali akamkuta daktari mwanamume. Mafakihi wetu hawakuliacha jambo hili. Wamesema wazi kuwa asipopatikana tabibu mwanamke, yajuzu mwanamume kumtibu mwanamke kwa kadiri ya haja. Wengine huogopa kisu. Lakini wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema mwanamke akifa na tumboni mna mtoto aliye hai anayetarajiwa kuishi, apasuliwe mtoto atolewe. Ikiwa heshima ya maiti hupisha uhai wa mtoto, vipi isiruhusiwe operesheni ya kumwokoa mama na mtoto wote wawili wakiwa hai?

Na anayetaka binti yake asishikwe na mwanamume, dawa yake si kumfungia nyumbani. Dawa ni kusomesha mabinti wawe wakunga na madaktari. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliihesabu tiba kuwa fardhi ya kifaya, akawalaumu watu wa zama zake kwa kukimbilia fiqhi wote hata miji ikakosa tabibu Muislamu. Fardhi ya kifaya isipotimizwa, dhambi huwa ya wote wenye uwezo, na sisi walimu wa madrasa hatumo nje.

Hasara yenyewe si ndogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2023 walikufa kwa ajili ya mimba na uzazi wanawake wapatao 260,000 duniani, yaani zaidi ya 700 kila siku, na kiasi cha 70 katika kila 100 walikuwa wa Afrika kusini ya Sahara. Lakini jambo hili hurekebika. Tanzania, utafiti wa 2015–16 ulionyesha vifo 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Takwimu za namna hii hazishuki kwa dua peke yake.

Wenye kulichunguza jambo hili wametaja machelewo matatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La tatu ni la serikali na hospitali. La pili ni la serikali na sisi. La kwanza ni letu. Mzazi anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika saa mbili, na huenda mumewe yuko safarini, na nyumbani hapana mwenye kusema, "Mpelekeni."

Basi, ndugu yangu mwanamume, jifunze haya kama ujifunzavyo nguzo za Sala. Damu wakati wa mimba, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuingia kiwi, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, uchungu wa muda mrefu bila ya mtoto kutoka: lolote katika hayo likitokea, hapana kungoja. Weka fedha ya safari tangu miezi ya mwanzo. Mjue mwenye gari. Toa ruhusa yako leo, mbele ya mama yako na dada zako, ili siku ya haja asitafutwe mtu.

Nanyi maimamu na walimu, mtakapotoa mhadhara juu ya Az-Zahrawi, mwalikeni mkunga wa zahanati akae nyuma ya pazia pamoja na wanawake, na apewe kipaza sauti wanaume wamsikie. Az-Zahrawi aliwaandikia wakunga wa Qurtuba; haitatudhuru sisi kumsikiliza wa kwetu kwa nusu saa.

Mwenyezi Mungu alimlisha Bibi Maryamu tende na kumnywesha maji katika saa ya uchungu wake, lakini alimwambia autikise mtende. Nasi tuutikise wetu. Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu, wake zetu na binti zetu. Amin.