Mganga Huuliza Maradhi Yalianza Lini

Miaka michache iliyopita tulikaa kikao cha ukoo nyumbani kwa dada yangu, Kinondoni. Ajenda ilikuwa moja tu. Binti yake alikuwa amechaguliwa kusoma shahada ya historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wazee walitaka kujua kulikoni. Baba yake mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na anayejua bei ya kila msumari, alisema, "Mwanangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hiyo historia utaiuza wapi?" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Leo naomba radhi kwa kicheko kile.

Idara aliyokwenda kusoma binti yule ilianza kufundisha mwaka 1964, chuo kilipohamia Mlimani. Profesa wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Terence Ranger, aliyefukuzwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia. Baadaye ikaongozwa na Mtanzania, Isaria Kimambo, ambaye pamoja na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichotoka mwaka 1969. Walter Rodney wa Guyana naye alifundisha hapo, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikaitikisa dunia.

Lakini mimi, mtu wa redio, navutiwa zaidi na jambo moja lisilo na kelele. Mwaka 1968 idara iliwatuma wanafunzi vijijini wakati wa likizo, wakawasikilize wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Miaka zaidi ya sitini ilikwisha kupita. Waliopigana wakiwa vijana sasa walikuwa vikongwe wa miaka themanini na kuendelea. Kumbukumbu za Wajerumani zilikuwapo, lakini ziliandikwa na walioshika bunduki. Wazee wale walieleza upande wa pili: mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida, na jinsi watu wa Nandete, Umatumbi, walivyong'oa miche ya pamba na vita vikaanza. Laiti wanafunzi wale wangechelewa miaka kumi, wangekuta makaburi.

Sasa niseme yangu. Mwanzoni mwa kazi hii nilitumwa Songea, mji ambako mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni. Huko nilirekodi mzee mmoja ambaye baba yake aliishi siku zile. Alizungumza saa nzima. Nilichukua dakika tatu kwa kipindi, nikaiacha kanda kabatini. Kanda zilikuwa adimu, na kituo nilichofanyia kazi wakati ule kilikuwa na desturi ya kurekodi juu ya zilizokwisha kutumika. Siku moja nilipoifungulia nikasikia salamu za wasikilizaji na muziki wa dansi. Sikumlaumu mtu. Ni mimi niliyeiacha pale bila hata jina juu yake.

Binti alipofika mwaka wa tatu akaamua kuandika utafiti wake juu ya Songea. Alishinda Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, akipekua mafaili ya mkoloni. Jioni moja akanijia. "Shikamoo mjomba. Mama ameniambia uliwahi kumrekodi mzee wa kule. Kanda iko wapi?"

Nilimweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akatoa daftari na kuniuliza mimi nakumbuka nini. Kila nilipojibu aliuliza tena: mzee aliyajuaje hayo? Aliyaona au alisimuliwa? Kwa nini alikubali kukueleza wewe? Nina stashahada ya uandishi wa habari na miaka mingi ya kipaza sauti, lakini siku ile nilihojiwa na mtu anayeijua kazi yangu kuliko mimi. Katika saa nzima ya mzee yule, niliweza kumrudishia mwanangu kurasa mbili.

Hiyo ndiyo kazi inayofundishwa katika idara ya historia, ndugu wasikilizaji. Watu hudhani ni kukariri tarehe na majina ya magavana. Kumbe ni kusikiliza, kupima lililosemwa, na kulitunza ili wajao walikute.

Na methali ya baba mkubwa siikatai. Tugange yajayo. Ila mganga yeyote anayejua kazi yake, kabla hajachimba dawa, humuuliza mgonjwa maradhi yalianza lini. Sasa kama waliokuwapo wamekufa, na kanda imefutwa, nani atamjibu?

Nyumbani kwako yupo mzee. Jumapili hii kaa naye, mwulize, andika. Na andika jina lake juu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.